Nani Alikuwepo? Kwa Nini Niliacha Kufuata Ukurasa Niliokuwa Naupenda

(Muziki wa kufungua kipindi, sekunde 20, kisha unashuka chini ya sauti.)

Hamjambo wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo. Hamjambo mama mlio kwenye foleni ya maji, papa mlio shambani na redio mfukoni, na ninyi vijana mnaosubiri simu zenu zijae moto kwenye duka la sola. Na wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo kwa sababu jana betri ya redio yako ilikwisha, karibu pia. Maneno ni yaleyale.

Leo sina mgeni studioni. Kwa kawaida nakaa na muuguzi, au mwenyekiti wa RWC, au mtu wa ulinzi wa watoto, namwuliza maswali naye anajibu. Leo nazungumza peke yangu, kwa kuwa jambo ninalotaka kusema linanihusu mimi mwenyewe, na kuna mahali ndani yake ninapowaomba msamaha.

Jambo lenyewe ni hili. Kulikuwa na kampuni moja ya habari za mtandaoni, yenye ukurasa unaofuatwa na watu wengi mno, ambao niliupenda sana. Sitautaja jina. Sikuja hapa kugombana na mtu, na kurasa za namna hiyo ni nyingi. Wengi wenu mnaufuata. Mimi niliufuata karibu miaka sita, kisha nikauacha. Nataka niwaeleze kwa nini.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Nilianza mwaka 2019. Nilikuwa nimemaliza S4, sina ada ya kuendelea S5, nikafyatua matofali miezi mitatu hadi nikapata pesa ya simu ya kupapasa iliyokwisha kutumika. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Kitu cha kwanza nilichotafuta ndani yake ni habari za nyumbani. Mimi nilitoka Kongo nikiwa na miaka tisa, na ninayokumbuka ni machache: ziwa, harufu ya samaki waliokaangwa, na njia ya kwenda shule. Ukurasa ule ulinirudishia mambo ambayo sikujua kama nimeyapoteza.

Walikuwa na watu wao. Hilo ndilo lililonivuta. Kijana wao alikwenda mwenyewe kwenye gati asubuhi na mapema akaongea na mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Aliwauliza bei ya ndoo, aliwauliza kwa nini imepanda, na nyuma ya maneno yao ulisikia maji yakipiga mbao za mitumbwi. Papa mmoja jirani yangu, aliyetoka Minova, aliniomba nirudie video ile mara tatu. Hakuwa anatafuta bei ya samaki. Alitaka kusikia mitumbwi.

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, sisi huku tulikuwa tunaokota kila neno. Kesho yake kijana yuleyule alisimama Buhene, pembeni ya Goma, akaonyesha moto wa mlima ulipoishia. Alisema: mimi niko hapa, saa ni hii, nyumba ile imeungua, na ile pale imepona. Watu wa Buhene walioko Nakivale walijua kutokana na maneno yale kama nyumba za ndugu zao zimebaki. Siku hiyo nilinunua mega mara mbili, na sikujuta hata shilingi moja.

Kisha mambo yalianza kubadilika, tena polepole, kiasi kwamba sikuona siku yalipoanza. Kwanza yule kijana hakuonekana tena. Halafu habari zikawa nyingi zaidi, na nikafurahi, nikidhani kampuni imekua. Lakini ukisoma tatu, unagundua ni habari moja imevalishwa vichwa vitatu. Asubuhi: "Hutaamini alichofanya mama huyu." Mchana: "Mama huyu awashangaza wengi." Jioni: "Haya hapa aliyoyafanya mama huyu." Na mama mwenyewe yuko nchi ya mbali, na kisa chake kilitokea miaka minne iliyopita.

Video nazo zikaanza kuja na doa. Kwenye kona, mahali ambapo mwenye video huweka jina lake, pamefunikwa na ukungu, au limebandikwa jina la ukurasa juu yake. Sauti ya mtu ikaondoka, ikaja sauti ya mashine inayosoma Kiswahili kama mtu anayehesabu mawe. Ilisema "Rutshuru" kwa namna ambayo hakuna mtu wa Rutshuru angeitambua.

Niliendelea kuufuata. Mazoea ni kitu kizito. Na nitakiri jambo lingine: ulinisaidia kazi. Nilipoanza kutangaza hapa, siku ambayo sina habari, nilifungua ukurasa ule, nikaandika habari nne kwenye daftari, nikazisoma hewani. Ninyi mlisikia sauti yangu, mkadhani ni kazi yangu.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Sasa tufike mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma. Mnakumbuka siku zile. Umeme ulikatika kule, simu nyingi hazikupatikana. Hapa Nakivale kila mwenye ndugu Goma alitembea na simu mkononi kama aliyebeba yai. Watu walikuja hadi mlangoni pa studio kuuliza: "Mmesikia nini?"

Asubuhi moja ukurasa ule uliweka video ya soko linalowaka moto. Moshi mweusi, watu wanakimbia, mtu analia. Juu yake waliandika kwamba ni soko la Goma, sasa hivi, na kwamba watu wengi wamepoteza maisha. Zilikuwa zimebaki dakika kumi niingie hewani. Niliandika, nikaingia, nikasoma.

Kule Kabazana kuna mama mmoja. Sitataja jina lake. Yeye mwenyewe amenikubalia nisimulie, kwa sharti hilo. Mtoto wake wa pili alibaki Goma, anasukuma chukudu, anapeleka makaa na viazi sokoni. Mama huyu alinisikia redioni. Akapiga simu ya mtoto wake: haipatikani. Akapiga tena hadi pesa ya simu ikaisha. Kijana wa jirani akamwonyesha ile video, na mama akasema amemwona mtoto wake ndani ya moshi, kwa shati lake.

Watu wakaja kukaa naye. Wakatandika mikeka. Mnajua kilio kinavyokuwa kwetu: watu hawawezi kuja kulala kwako ukawaacha na njaa, hata kama mgao wenyewe haukutoshi wewe. Mama aliuza mbuzi wake, na alikuwa naye mmoja tu, akanunua posho na maharage. Siku nne.

Siku ya tano simu ya jirani ililia. Namba ilikuwa ya Rwanda. Alikuwa ni yule mtoto, yuko Gisenyi, mzima, simu yake imeibwa njiani, na alikuwa ametafuta siku zote hizo mtu anayekumbuka namba ya mtu yeyote Nakivale.

Tunamshukuru Mungu. Lakini mbuzi hakurudi, na zile siku nne pia hazikurudi.

Jioni ile nilikaa na simu yangu nikaitazama video upya, taratibu, kama ambavyo ningepaswa kufanya kabla ya kuingia hewani. Nikaona jambo ambalo mtoto yeyote aliyevuka mpaka wa Bunagana angeliona. Kwenye barabara iliyo nyuma ya soko, magari yalikuwa yanapita upande wa kushoto. Kongo tunapita kulia. Ni hapa Uganda, Kenya na Tanzania wanakopita kushoto. Soko lile halikuwa Goma. Halikuwa Kongo kabisa.

Nikarudi kwenye ukurasa kutafuta aliyeichukua. Hapakuwa na jina. Tarehe haikuwepo, wala mtaa. Kwenye kona palikuwa na lile doa la ukungu. Nikajiuliza swali ambalo ndilo nimelifanya kichwa cha mazungumzo ya leo: nani alikuwepo? Kwa video ya sambaza, kijana yule alikuwepo. Kwa moto wa Buhene, alikuwepo. Kwa soko hili, kampuni nzima, na wafuasi wake wote, na mimi na maikrofoni yangu, hakuna aliyekuwepo.

Kesho yake nilisoma masahihisho hewani, sentensi mbili, haraka haraka, katikati ya tangazo la chanjo na tangazo la maji. Nadhani wengi hamkuyasikia. Ndiyo maana leo nayasema tena, polepole. Habari ya soko niliyowasomea siku ile haikuwa kweli. Sikuihakikisha. Kosa ni langu. Nawaomba msamaha.

Nilikwenda pia Kabazana. Nilitegemea mama atanifokea. Alinipa kiti, akaniambia: "Mwanangu, wale wa simu siwajui. Wewe nakujua. Niliposikia sauti yako nilidhani umeuliza."

Nilidhani umeuliza. Usiku ule ndio nilioacha kuufuata ukurasa ule.

(Muziki, sekunde 10.)

Karibuni tena. Wengine mtasema: sawa, lakini kwa nini kampuni iliyokuwa na watu wake iwaache, ianze kuokota vya wengine? Nilikuwa na swali hilohilo hadi nilipokwenda Mbarara.

Nilikwenda kununua betri za kinasa sauti. Unajua safari yenyewe: taksi ya alfajiri, magunia kwenye paa, ukishuka mjini nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Karibu na High Street nilikutana na kijana niliyesoma naye. Akanikaribisha kazini kwake. Ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, vijana watatu, kompyuta mbili. Wanaandikia ukurasa wa habari, si ule wangu, ni mwingine. Akanieleza kwamba wanatakiwa watoe habari thelathini kwa siku. Wanafungua kurasa za wengine, wanachukua habari, wanageuza sentensi ya kwanza, wanabadilisha kichwa. Siku hizi hata hilo wanaachia programu ya akili bandia. Inageuza maneno, na nyingine inaisoma kwa sauti.

Nikamwuliza: katika hizo thelathini, ni ngapi mmezitokea nje ya chumba hiki?

Akacheka. Akasema: "Kaka, kutoka nje ni nauli."

Kisha akanifanyia hesabu, na naomba muifuate, kwa sababu ndani yake sisi tumo. Ukurasa unalipwa na matangazo ya biashara. Anayetangaza analipa kulingana na watu walioona. Hakuna anayeuliza kama habari imetafutwa au imeokotwa. Ukimtuma mtu Isingiro au Kasese kutafuta habari moja, atakula, atalala, atapanda boda, atarudi kesho na habari moja. Ukimketisha chumbani, kwa muda huohuo atakuletea sitini. Na ile moja aliyoitafuta kwa jasho, saa moja baada ya kuiweka, kurasa kumi zimeshaichukua, na watu wanaisoma huko. Kwa hiyo anayetafuta anapata hasara mara mbili: ya nauli na ya wasomaji. Baada ya muda anachoka, anafunga, au anakuwa kama wale wengine. Nadhani ndivyo alivyopotea kijana wangu wa sambaza.

Na nani anayelipa? Ni mimi na wewe. Kila tukibonyeza "Hutaamini", tumepiga kura. Tumenunua mega kwa pesa ambayo ingenunua chumvi, na tumemwambia mwenye kampuni: endelea hivyo hivyo, usimtume mtu.

Msidhani ni maskini tu wa Mbarara wanaofanya haya. Marekani kuna kampuni iitwayo BuzzFeed, iliyoanzishwa New York mwaka 2006, ikawa miongoni mwa zilizopendwa sana na vijana duniani. Julai 2014 watu wawili waliokuwa wanaifuatilia kwenye Twitter walionyesha kwamba mwandishi wake mmoja, Benny Johnson, alikuwa ananakili maneno ya wengine. Kampuni ikakagua kazi zake kama 500, ikakuta mahali 41 palipochukuliwa neno kwa neno. Ikamfukuza, na mhariri wake mkuu akawaomba wasomaji msamaha hadharani. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na kitengo cha habari kilichotafuta habari zake chenyewe. Mwaka 2021 kilipata tuzo ya Pulitzer, iliyo kubwa kabisa kwa waandishi wa Marekani, kwa kazi kuhusu kambi ambamo Waislamu wa Xinjiang walifungwa nchini China. Aprili 2023 kampuni ilitangaza kukifunga kitengo hicho cha habari. Sababu ilikuwa pesa. Maswali ya kujipima na orodha za kuchekesha zikaendelea. Mnaona? Ni hesabu ileile ya chumba cha juu ya duka la vitambaa, ila kwa dola.

Hata wenye majukwaa wameanza kuchoka. Julai 2025 Meta, wenye Facebook, walitangaza kwamba akaunti zinazochukua kazi za wengine mara kwa mara, bila kuongeza kitu, hazitalipwa na hazitasambazwa sana. Walisema katika nusu ya kwanza ya mwaka huo waliondoa akaunti zipatazo milioni 10 zilizojifanya ni za watengenezaji wakubwa. Lakini sisi hali yetu ni tofauti kidogo. Facebook ilifungwa hapa Uganda Januari 2021. Habari nyingi zinatufikia WhatsApp. Na WhatsApp video inafika uchi: imeacha jina la mwenyewe njiani, imeacha tarehe, imeacha mahali.

Ninyi mnaoishi kwa karatasi mnaelewa hili kuliko watu wa mjini. Ukipeleka karatasi yako ya familia kutoa fotokopi, inasomeka. Ukitoa fotokopi ya fotokopi, namba zinaanza kufifia, sita inafanana na nane. Ukitoa ya tatu na ya nne, ukifika ofisini unaambiwa: hii haisomeki, leta ile ya kwanza. Habari ni hivyo hivyo. Kinachofifia kwanza ni tarehe, kisha mahali, kisha jina la aliyeona. Kinachobaki ni moshi na kilio, na moshi na kilio vinaweza kuwa vya mji wowote.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Sasa kuna mtu ataniuliza, na ana haki: wewe mtangazaji, je, huna fotokopi? Si unasoma habari za redio nyingine kila siku?

Nasoma. Sina nauli ya Goma, wala ya Bujumbura, wala ya Mogadishu. Lakini kupokea neno na kulipeleka si wizi, ukisema umelipokea kwa nani, na huyo nani akiwa ana mtu aliyekuwepo. Radio Okapi ilianza Kongo Februari 2002, na inatangaza kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Ina waandishi wake mikoani. Nikisema "Radio Okapi imesema", mnajua mtakayemwuliza. Na ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda na Kirundi wanakumbuka Gahuzamiryango, kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 1994 kuwaunganisha watu waliotawanyika baada ya mauaji ya kimbari. Walisoma majina. Mtu fulani, mtoto wa fulani, wa kilima fulani, anamtafuta mama yake. Hakuna aliyeweza kunakili jina kutoka mji mwingine akasema ni la hapa. Kila jina lilikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa amekaa mahali anasubiri.

Kwa hiyo sisemi mzime simu. Nasema tuwe na maswali, na mimi nimejifunza manne kwa bei ya mbuzi wa mtu mwingine.

La kwanza: nani alikuwepo? Tafuta jina la aliyeona au aliyechukua picha. Ukikuta "inasemekana" na "mashuhuda", na hakuna hata mmoja mwenye jina, redio au kazi inayojulikana, weka habari hiyo pembeni kwanza.

La pili: lini? Nimewaona watu wakija Base Camp, simu mkononi, kuuliza kuhusu ndege za kwenda Marekani, kwa sababu ukurasa fulani umerudisha habari ya miaka ya nyuma kana kwamba ni ya leo. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025. Habari ya zamani yaweza kuwa ya kweli kwa mwaka wake, na ikakupoteza kabisa mwaka huu. Na mkumbuke: huduma za HCR ni bure. Ukurasa wowote unaotaka pesa ya fomu ya kwenda nchi ya tatu, hata ukiwa na nembo ya HCR, nembo hiyo nayo imenakiliwa.

La tatu: wapi? Tazama yaliyo nyuma ya picha. Magari yanapita upande gani? Mabango yameandikwa lugha gani? Namba za pikipiki ni za nchi gani? Mlima ule unaujua? Sisi tuliotembea nchi tatu na nne kwa miguu tuna macho ambayo wale wa chumbani hawana. Tuyatumie.

La nne: imepitia mikono mingapi? Kwenye WhatsApp, ujumbe wenye mishale miwili juu yake umeshapelekwa mara nyingi mno. Mishale haisemi kwamba ni uongo. Inasema kwamba aliyekutumia si aliyeona. Kabla hujamwonyesha mama wa mtu, mpigie kwanza aliyekutumia, umwulize ameipata kwa nani. Mara nyingi utafika kwa mtu wa tatu, na hapo njia itakatika.

(Muziki, sekunde 10, unashuka.)

Nisiwaambie ninyi tu cha kufanya. Nimekubaliana na wenzangu hapa redioni mambo matatu, na ninayasema hewani ili mtukamate nayo.

Habari yoyote ya mbali itasomwa na jina la aliyeitoa. Tukiwa hatujui, tutasema hatujaihakikisha, au tutanyamaza. Dakika zilizobaki tutaweka wimbo.

Masahihisho hayatafichwa tena kati ya chanjo na maji. Yatakuja mwanzo wa kipindi, na yatarudiwa siku tatu, kwa kila lugha tuliyoikosea.

Na kila wiki tutakuwa na habari moja tuliyoitafuta wenyewe, kwa miguu, na kinasa sauti. Wiki iliyopita nilikwenda ziwani kabla jua halijatoka, nikakaa na wavuvi wa Nakivale. Nimewauliza wanapata nini usiku mmoja, leseni imewabana vipi, na viboko walikula shamba la nani. Haina moto, haina "hutaamini". Mwishoni kuna kama nusu dakika ambayo hakuna anayesema kitu, mtumbwi unasukumwa tu majini. Mwenzangu alitaka kuikata. Nikamwomba aiache, kwa ajili ya papa mmoja wa Minova.

Mtaisikia Jumamosi baada ya habari za jioni. Kama kuna kosa ndani yake, ninyi mko karibu na lile ziwa kuliko ukurasa wowote. Njooni mlangoni mniambie. Kama unajua jambo kwenye kijiji chako ambalo umeliona kwa macho yako, bomba limekauka, shule imepata mwalimu, mtoto amepotea au amepatikana, mwambie mwenyekiti wako au uje mwenyewe. Tutakuuliza jina, tutakuuliza siku, tutakuuliza ulikuwa umesimama wapi. Usikasirike tukiuliza sana.

Na mama wa Kabazana, najua leo unasikiliza, kwa sababu uliniambia betri utaweka mpya. Wenzangu na mimi tumeanza kuchanga. Bado hatujafika bei ya mbuzi. Tukifika nitakuja mwenyewe, sitakutumia ujumbe.

Mimi ni mtangazaji wenu. Wiki ijayo atakuwepo muuguzi kutoka kituo cha afya, tutazungumza juu ya malaria kwa watoto wachanga. Kaeni salama.

(Muziki wa kufunga, sekunde 30.)